Mguu wa Taifa

Waziri wa Miji Endelevu na Hewa Safi, Mheshimiwa Profesa Ngwalu, alikaa Ulaya siku kumi na moja, na siku zote kumi na moja alitembea kwa miguu. Si jambo dogo hilo. Nchini kwake mara ya mwisho kuonekana akitembea ilikuwa siku ya harusi yake, na hata siku hiyo alitoka tu kwenye gari akakanyaga zulia. Lakini huko kwa wenzetu alionyeshwa maajabu. Mtu anatoka mlangoni kwake, anatembea dakika kumi na tano, na ndani ya dakika hizo keshapita shule, zahanati, duka la mikate na bustani yenye benchi. Hapandi gari, hachomi mafuta. Anarudi nyumbani na mkate wake kwapani, anapumua hewa safi kuliko ya mlimani.

Mheshimiwa alirudi amebadilika. Alivua kiatu mbele ya Bunge zima akawaonyesha lengelenge lililotoka kisiginoni. "Waheshimiwa," alisema, sauti ikimtetemeka, "lengelenge hili ni la maendeleo." Wabunge walisimama wakapiga makofi, wawili watatu walitoa leso, na kabla ya chakula cha mchana Sheria ya Dakika Kumi na Tano ilikuwa imepita. Ilisema hivi: kila raia ataweza kufika kwa miguu, ndani ya dakika kumi na tano, hospitali, shule, soko na bustani. Asiyeweza kufika, nchi imemkosea.

Jamani, nani angeipinga sheria nzuri namna hiyo? Kasheshe ilikuja kwenye utekelezaji. Iligundulika kwamba huduma ziko mbali na watu, na watu nao, kwa ukaidi wao, wamejenga mbali na huduma. Kuzisogeza huduma kulitaka matofali, waganga na walimu, na Mheshimiwa alikuwa amerudi na lengelenge tu. Wizara ilikaa vikao wiki tatu. Wiki ya nne Katibu Mkuu, Bwana Lukwambe, mtu mwembamba mwenye sauti ya chini ambaye hajapata kuonekana akitoka jasho, aliisoma sheria upya kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha akaiweka miwani mezani.

"Sheria inataja dakika," alisema. "Haikutaja miguu ya nani."

Kikao kikacheka, halafu kikaagiza chai.

Ndivyo alivyotafutwa Sikuzani. Huyu alikuwa mwalimu wa michezo, mwanamke wa miaka arobaini na moja, mrefu, mkavu, ambaye ujanani aliiletea nchi nishani ya shaba katika mashindano ya kutembea kwa kasi. Mnaujua mchezo wenyewe: mtu hakimbii, lakini anakwenda kama anayefukuzwa, kiuno kinacheza huku na huku na mikono inapiga makasia. Kwa miaka ishirini watu walimcheka. Alikuwa akipita barabarani kufanya mazoezi, mtaa mzima unatoka kumwiga. Sasa ikaja barua yenye mihuri mitano kumwambia kwamba yeye, Sikuzani binti Mahimbo, ameteuliwa kuwa Mguu wa Taifa.

Alipewa suti ya michezo ya kijani na raba mbili za akiba. Kazi yenyewe ilikuwa rahisi. Alisimama mlangoni pa nyumba ya mwisho ya mtaa, filimbi ikapigwa, akatembea mpaka kwenye huduma iliyotajwa. Nyuma yake alikuja Karani wa Saa, Bwana Dihenga, amepakiwa kwenye pikipiki na saa ya kupimia mkononi. Sikuzani akifika kabla ya dakika kumi na tano, mtaa ulitangazwa kuwa endelevu, ukapewa kibao. Na kwa kuwa Wizara ilisikia kwamba Ulaya hawapendi ubadhirifu, huduma yoyote ya aina ile ile iliyokuwa karibu zaidi ilihesabiwa kuwa ya ziada, ikafungwa.

Katika miezi minne Sikuzani alifunga shule tisa, masoko manne na bustani moja. Bustani hiyo ndiyo pekee iliyokuwepo mjini. Ikaonekana kwamba ukumbi wa Wizara una mimea ya plastiki na uko dakika kumi na mbili tu kutoka hapo. Magazeti yakaandika kwamba hakuna mji duniani unaoendelea kwa kasi kama huu, kwani kila ulipopoteza kitu ulizidi kuwa endelevu.

Na Sikuzani? Kusema kweli alijiona. Miguu iliyochekwa miaka ishirini sasa ilipigiwa saluti. Siku alipotembea kipimo kilicholifunga Soko la Mlandege, mama mmoja mwenye tenga la nyanya kichwani alijaribu kwenda naye sambamba mpaka kona ya kwanza, akashindwa, akasimama katikati ya barabara akihema. "Wewe mwanamke," alimpigia kelele, "hiyo ni miguu au pangaboi?" Sikuzani alicheka mpaka mwisho wa safari. Jioni alimsimulia mumewe, akacheka tena. Mumewe hakucheka. Aliendelea kula, kisha akauliza, "Na nyanya zake atakwenda kuziuzia wapi?" Sikuzani akamwambia asiharibu chakula.

Mume huyo aliitwa Pazi, fundi seremala, mtu wa maneno machache na mbavu nyembamba; mtoto wao mmoja, Tunu, alikuwa shule ya bweni. Walikaa Bonde la Mbao, mtaa wa maseremala watupu, ambako randa na misumeno vililia kuanzia asubuhi na vumbi la mbao lilielea hewani likatua hata kwenye chai. Vumbi hilo lilikuwa limewapa watu wa Bonde la Mbao vitanda, milango, kabati na pumu. Pazi alikuwa nayo ya kutisha. Ikimbana, midomo inageuka rangi, kifua kinapiga filimbi, na mtu anayemtazama naye anaanza kukosa hewa.

Dawa yao ilikuwa zahanati ya mtaa. Vyumba viwili vya bati, muuguzi mmoja, Nesi Zamda, na mashine moja ya mvuke yenye mpira na barakoa, ambayo mgonjwa akivalishwa kifua kinafunguka. Kutoka karakana ya Pazi mpaka hapo ni dakika tatu kwa mkokoteni wa mbao. Mwezi ule ule wa kwanza wa sheria Pazi alibanwa mchana kweupe, akaangukia kwenye takataka za randa, na mafundi wenzake wakamtupa kwenye mkokoteni wakakimbia naye. Nesi Zamda alipomvalisha barakoa alisema tu, "Mngechelewa dakika kumi zaidi, mngenikuta namfunika." Alisema bila kupamba, maana alikuwa ameshawafunika wengine.

Watu sita wa mtaa ule walikuwa wakipumulia mashine hiyo. Mmojawao alikuwa jirani wa ukuta kwa ukuta, Bi Semeni, mjane mwuza vitumbua, mama mnene mcheshi aliyemwita Sikuzani "mkwe" kwa utani na kumwekea vitumbua viwili kila alfajiri ya kazi. "Miguu ya serikali haitembei na njaa," alikuwa akisema.

Basi Jumatatu moja orodha mpya ya vipimo ilitoka, na Sikuzani akaisoma akiwa amesimama kwenye baraza ya Wizara. Alhamisi, saa nne asubuhi. Kipimo cha heshima mbele ya wageni watatu wa Ulaya, wataalamu wa miji. Kutoka: Bonde la Mbao, nyumba ya mwisho. Kwenda: Hospitali Kuu. Umbali: kilomita mbili na robo tatu. Huduma ya ziada itakayofungwa: zahanati ya Bonde la Mbao.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya kwake.

Alisoma mara ya pili akitumaini macho yamemdanganya. Kilomita mbili na robo tatu yeye alizimaliza kwa dakika kumi na mbili bila kuloa jasho. Mtu wa kawaida mzima wa afya, arobaini. Mtu anayevuta pumzi kwa filimbi hafiki kabisa.

Akapanda ngazi mpaka kwa Katibu Mkuu.

"Karibu, Bi Sikuzani," alisema Bwana Lukwambe. "Umekuja kuhusu raba?"

"Nimekuja kuhusu Alhamisi, mzee. Pale ni mtaani kwangu. Mume wangu ana pumu. Zahanati ile ikifungwa atakufa."

Bwana Lukwambe alifungua faili, akapitisha kidole ukurasa mmoja, ukurasa wa pili. "Pumu," alisema. "Sheria haina pumu. Ina dakika."

"Lakini dakika zile ni za kwangu, mzee! Si za watu!"

"Wewe si mtu?"

Sikuzani alishika ukingo wa meza.

"Sikiliza," Katibu aliendelea kwa ile sauti yake ya kumbembeleza mgonjwa. "Serikali haina roho mbaya. Zahanati ikifungwa, ile mashine yake itabaki haina kazi. Hakuna ubaya ikahifadhiwa nyumbani kwako. Chumbani, pembeni mwa kitanda. Mumeo akibanwa ananyoosha mkono tu. Dakika sifuri. Hata Ulaya hawana." Akafunga faili. "Ila Alhamisi utembee vizuri. Kuna kifungu cha tisa, kuhujumu dakika za taifa, miaka mitatu. Nakitaja tu kwa sababu nimekikumbuka."

Alirudi nyumbani kwa mwendo ambao watu wa mtaa hawakuwahi kumwona nao, mwendo wa mtu aliyebeba gunia. Pazi alikuwa akipiga msasa mguu wa kitanda. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kuinua kichwa.

"Chumbani kwetu," alisema Pazi.

"Pembeni mwa kitanda."

"Halafu Bi Semeni akibanwa atagonga mlango?"

"Tutamfungulia."

"Na wale wengine wanne? Na watu wa mtaa jirani wa Kinyerezi Ndogo wanaokuja wakibebwa mgongoni? Na Nesi Zamda tumlaze uvunguni?" Alipuliza vumbi la msasa, akageuza uso ili lisimwingie. "Mama Tunu, mimi siwezi kulala na pumzi ya mtaa mzima imewekwa kwenye kimeza changu. Nitakufa kwa aibu kabla ya pumu."

"Basi nifanye nini, Baba Tunu? Nifanye nini?" Sasa alilia. Alilia kwa Pazi, na kwa yule mama wa nyanya, na kwa zile shule tisa alizozifunga akitabasamu.

Pazi aliweka msasa chini. "Tembea kama mimi," alisema. "Alhamisi, tembea kama mimi ninavyotembea. Hatua moja, pumzika. Hatua moja, pumzika. Mbele ya wageni. Watuhesabie saa nzima kama wanapenda."

"Miaka mitatu jela, Pazi."

"Nitakuletea vitumbua."

Wakakubaliana hivyo. Usiku ule Sikuzani alipata usingizi.

Jumatano mchana gari la Wizara lilifika zahanati likaichukua mashine. Nesi Zamda alisimama mlangoni mikono kiunoni. "Kipimo ni kesho, nyinyi mnachukua leo?" Wakamwonyesha hati: matokeo ya kesho yalikuwa yameshapigwa chapa. Mashine inatakiwa Hospitali Kuu kwa maonyesho, wageni waone kwamba vifaa vya mtaa vimehamishwa kwa utaratibu. Madirisha ya zahanati yakapigiliwa mbao zilizonunuliwa hapo hapo mtaani, na juu yake wakachora bustani, na benchi, na mzungu amekaa anasoma. Sikuzani alijipa moyo. Kesho kipimo kikishindikana, sheria yao wenyewe itawalazimisha kuirudisha mashine. Ni siku moja tu. Alimwambia Pazi asiguse msumeno siku hiyo moja, na Pazi akatii.

Alhamisi saa nne kasoro robo msafara uliingia Bonde la Mbao kusherehekea mji usio na magari. Magari yalikuwa kumi na moja. Barabara ya mtaa ule ilikuwa ya vumbi na upana wa kitanda cha sita kwa sita, kwa hiyo yalijipanga moja nyuma ya jingine, injini zikiwaka ili viyoyozi visizime. La mbele, la Mheshimiwa, lilisimama pua ikiwa imegusa kizingiti cha nyumba ya mwisho, na mbele yake barabara ya kwenda Hospitali Kuu iliachwa wazi. La nyuma lilikuwa lori lililobeba baiskeli za wageni, ili zisichakae.

Wageni walishuka. Mmoja, mama wa makamo mwenye nywele fupi nyeupe na daftari dogo, alianza kuuliza maswali hata kabla vumbi halijatua. Jina lake lilikuwa Daktari Henrike. Alifuatwa na mkalimani wa Wizara, kijibwana chenye tai, ambacho kilikuwa kimeelekezwa vizuri.

"Anauliza hilo jengo lenye picha ni nini."

"Mwambie ni sanaa," alisema Bwana Lukwambe.

Mheshimiwa Waziri alihutubia kutoka kwenye kiti cha gari, mlango wazi. Alisema kwamba taifa lisilotembea ni taifa lililokaa. Alisema mapafu ya raia ndiyo misitu yake ya kweli. Alikohoa, akafunga kioo, akaendelea kupitia kipaza sauti. Moshi ulikuwa umeshaijaza barabara, umechanganyika na vumbi la matairi na unga wa mbao ulioamshwa kutoka chini, na watu wa Bonde la Mbao waliopangwa kushangilia walikuwa wameziba pua kwa vitambaa na khanga.

Sikuzani alisimama mlangoni na suti yake ya kijani. Miguu ilikuwa tayari kwa uvivu. Hatua moja, pumzika. Alijisemea hivyo kimoyomoyo. Bwana Dihenga alipanda pikipiki, akainua saa. Filimbi ikalia.

Na ndani ya nyumba, nyuma yake, ikalia nyingine.

Aliijua. Miaka kumi na tisa alikuwa ameisikia kifuani mwa mtu mmoja. Aligeuka akaingia ndani, akamkuta Pazi amepiga magoti, ameshika ukingo wa kiti, mdomo wazi, macho yamemtoka, na moshi wa gari la Mheshimiwa ukiingia mlangoni taratibu kama mgeni aliyekaribishwa.

"Gari!" Sikuzani alitoka akipiga ukelele. "Nipeni gari! Mume wangu anakufa! Mzee Lukwambe, nakupigia magoti, gari moja tu!"

Bwana Lukwambe alimjia karibu ili asipandishe sauti. "Leo ndiyo umechagua? Gari likimbeba mtu kwenda hospitali mbele ya wageni, tumewaambia nini? Tumewaambia hospitali iko mbali." Akamgusa bega. "Na saa inakwenda, Bi Sikuzani."

Daktari Henrike alikuwa amesogea, uso umemkunjamana, akisema jambo kwa haraka.

"Anauliza huyo bwana ana nini," alisema mkalimani.

"Mwambie ni mume wa mtembezi. Ni mila, mume husindikizwa."

Sikuzani hakusubiri tafsiri. Mafundi wawili walikuwa wameshauleta mkokoteni. Wakamlaza Pazi juu ya gunia, wakamwinua kichwa, na Sikuzani akashika mikono ya mkokoteni akauelekeza barabarani. Hapo hapo akaelewa, na akili ikataka kumruka. Mashine iko Hospitali Kuu. Pazi ana dakika kumi, kumi na tano akijitahidi. Na nyuma yake pikipiki ya Dihenga imeshaunguruma.

Akatembea.

Akatembea alivyojua kutembea, kisigino kwanza, goti limenyooka, kiuno kikifanya kazi yake, mkokoteni ukienda mbele bila kuruka. Nyuma yake ilikuja pikipiki, na nyuma ya pikipiki magari kumi na moja, yenye viti vitupu vya kutosha mtaa mzima, yakipiga honi za shangwe. Watu walipangwa pande zote na vibendera. Walipiga vigelegele mpaka walipoona kilichomo kwenye mkokoteni, kisha wengine wakaendelea kwa sababu walikuwa wameambiwa waendelee.

"Dakika nne!" alitangaza Dihenga.

Wakapita Soko la Mlandege, uwanja mtupu wenye kibao cha pongezi. Mikono ilimuuma Sikuzani mpaka mabegani. Kila alipoinama kumsukuma aliona midomo ya Pazi, imekuwa ya kijivu. Halafu Pazi akanyanyua mkono. Aliunyanyua kwa shida akaupunga chini, chini, kama mtu anayemtuliza dereva.

"Taratibu," alisema. Ilitoka kwa vipande. "Tuli... kubaliana."

"Nyamaza, Pazi!"

"Zaha... nati..."

"Nimesema nyamaza! Vuta pumzi, usiseme, vuta pumzi!" Akaongeza mwendo. Machozi yalimwingia mdomoni. Kila hatua ilikuwa inamwokoa huyu na kuwafungia wale, alijua, alijua kabisa, na miguu haikukubali kusimama. Hajapata kutembea hivyo hata siku aliyochukua nishani.

"Dakika tisa! Safi sana, Bi Sikuzani!"

Mlima wa mwisho aliupanda akiwa hasikii chochote isipokuwa kile kifua. Geti la Hospitali Kuu lilikuwa limepambwa kwa maputo ya kijani. Uani kulikuwa na meza, na juu ya meza, imevishwa utepe mwekundu, mashine ya mvuke ya Bonde la Mbao. Daktari wa zamu alikuwa amesimama pembeni yake na mkasi kwenye kisahani.

"Ivue! Mvalishe!" Sikuzani alipaza sauti.

"Mama, utepe hukatwa na Mheshimiwa," alisema daktari, naye alikuwa karibu kulia. "Nimepewa ratiba."

Sikuzani aliukata utepe kwa meno. Alichomeka waya mwenyewe, akamvalisha Pazi barakoa mwenyewe, akaipiga mashine kofi kama Nesi Zamda alivyokuwa akiipiga, na mashine ikaanza kunguruma. Akamshika mumewe kichwa. Akasubiri. Magari yaliingia, milango ilifunguka na kufungwa, watu walimwagika uani, naye bado alisubiri. Kisha kifua cha Pazi kilifunguka kidogo, kikafunga, kikafunguka zaidi, na rangi ikamrudi kwenye masikio kwanza. Sikuzani aliketi chini kwenye sementi kwa sababu miguu haikuwepo tena.

"Dakika kumi na nne, sekunde arobaini na moja!" alitangaza Bwana Dihenga, akabonyeza saa, akaizima.

Makofi yalipigwa! Mheshimiwa Ngwalu alishuka, safari hii kwa miguu yake mwenyewe, hatua saba nzima. Alisema kwamba leo dunia imeshuhudia. Si mzima tu, hata mgonjwa mahututi anafika kwa muda wa sheria. Ulaya wanapima watu wazima. Sisi tumepima anayekata roho, na amewahi! Kuanzia dakika hii zahanati ya Bonde la Mbao imefungwa rasmi, na kila kaya itahimizwa kuwa na mkokoteni. Hotuba ilikuwa na kurasa kumi na nne, na aliurudia wa sita kwa kuwa uliwafurahisha wageni. Baada ya hapo ngoma ilicheza, na soda ziligawiwa.

Pazi alivuta barakoa pembeni. "Ngapi?" aliuliza.

Sikuzani alimwambia.

Pazi alifumba macho, akairudisha barakoa. Hakumlaumu, na afadhali angemlaumu.

Ngoma ilikuwa ya tatu Nesi Zamda alipoingia getini. Sare yake nyeupe ilikuwa ya rangi ya udongo mpaka kiunoni. Yeye na fundi mmoja mzee walikuwa wakisukuma mkokoteni wa pili. Moshi ule ule, vumbi lile lile, na ukuta ni mmoja. Walikuwa wametoka dakika moja tu baada ya msafara, wakasimamishwa njia panda kwa kuwa barabara ilifungwa kwa ajili ya Siku ya Kutembea, wakazungukia vichochoroni, gurudumu likazama kwenye mtaro uliopakwa rangi ya njia ya baiskeli. Juu ya mkokoteni alilala Bi Semeni, ubavu, khanga imemfunika miguu, mikono bado ina unga wa mchele.

Sikuzani aliinuka. Aliuweka mkono wake kwenye shavu la jirani yake, akauacha hapo.

"Na hawa wametokea wapi?" Mheshimiwa alinong'ona.

"Bonde la Mbao," Nesi Zamda alimjibu kwa sauti ambayo haikuwa na mheshimiwa ndani yake. "Tumetembea saa nzima na dakika tano."

Bwana Lukwambe alimtazama Dihenga.

"Saa nilishaizima, mzee," alisema Dihenga. "Kipimo kilikwisha."

"Basi hawajachelewa," alisema Katibu Mkuu, naye alionekana kupumua vizuri.

Daktari Henrike alimuuliza mkalimani kitu. Mkalimani akamtazama Katibu, kisha akajibu kwa maneno mengi na tabasamu. Alimwambia mtaa umeanza kuizoea njia mpya, wananchi wanakuja wenyewe. Mgeni akafurahi. Akaweka daftari kwapani akaanza kupiga makofi, moja, mbili, tatu, akimwangalia Nesi Zamda kwa moyo mweupe kabisa.

Sikuzani hakujua lugha ile hata neno. Makofi aliyajua. Alimwendea yule mama, akamkamata kifundo cha mkono, si kwa ukali, akamvuta mpaka kwenye mkokoteni, na kiganja chake kilichokuwa kikipiga makofi akakilaza juu ya kifua cha Bi Semeni. Akakikandamiza hapo kwa mkono wake mwenyewe.

Mkalimani alifungua mdomo. Hakuna aliyemuuliza kitu.

"Dihenga," alisema Sikuzani bila kugeuka. "Washa saa."

Bwana Dihenga alimtazama Katibu, akamtazama Waziri, akautazama mkono wa mgeni. Katika utumishi wake wote hakuwahi kukataa kuwasha saa. Aliibonyeza.

Ngoma ilinyamaza yenyewe. Mheshimiwa Profesa Ngwalu alitaka kusema jambo la kitaifa, akaona hana karatasi. Mtu mmoja alizima injini ya gari, kisha mwingine, mpaka zote kumi na moja zikazimwa, na uani kukabaki sauti ya mashine ya mvuke na pumzi ya Pazi. Daktari Henrike hakuuondoa mkono. Alikuwa amekwisha kuelewa kwenye dakika ya kwanza, na machozi yalimtiririka, lakini Sikuzani alimshikilia pale pale, dakika ya tano, dakika ya tisa, jua likiwachoma wote utosini, wenye kofia na wasio nazo. Walisimama hivyo mpaka Dihenga, kwa sauti ndogo, akasema kumi na tano zimetimia, na kifua cha Bi Semeni kilikuwa hakijanyanyuka.